Wenye magari ya milimani, "tunakutana tu" haitoshi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu anayefanya kazi Kampala alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo mtu wa kijijini akipigiwa simu hujua kuna msiba. Nikaketi kitandani. "Shikamoo mjomba, hakuna baya," akasema. "Tunataka kuleta magari huko kwenu mlimani, Desemba, tarehe 27 mpaka 29. Kama ishirini hivi, yote ya 4x4. Wewe unazijua njia zote, tuchoree." Nikamuuliza hiyo shughuli ni ya nani. Akacheka. "Si ya mtu, mjomba. Hakuna kamati wala kiingilio. Tunakutana tu."

Hilo "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi naishi juu kidogo ya mji wa Kapchorwa, ubavuni mwa Mlima Elgon. Kiswahili changu nilikipata kwa marehemu baba, naye alikipata kambini, kisha nikakinoa kwenye njia ya Suam, pale mpakani, na Kitale ya Kenya, nikibeba mahindi kwa lori kwa miaka 22. Wasomaji wa pwani wanisamehe pale ngeli zitakapoteleza. Siku hizi nina gereji ndogo: nguzo nne, mabati sita, na shimo la kuingilia chini ya gari. Kwa hiyo sisemi kama mtu anayechukia magari. Magari ndiyo yaliyosomesha watoto wangu.

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, yalipita kwetu magari kumi na mawili. Niliyahesabu. Land Cruiser za zamani, Prado, Hilux mbili zilizoinuliwa mpaka utingo angehitaji ngazi, na kijigari kimoja cha Suzuki kilichokuwa kinarukaruka kama mwanambuzi. Vijana wenye adabu, nisiwasingizie. Walitupungia mikono, wakawapa watoto biskuti. Wakaingia njia inayoteremka nyuma ya kahawa yangu kuelekea kijitoni. Njia hiyo huikuti kwenye ramani. Tuliichimba wenyewe kwa majembe, kwa kazi ya pamoja ya kijiji, ile ambayo Waganda wanaiita bulungi bwansi. Hupita humo punda wenye viazi na mahindi, pikipiki, na wakati wa mavuno pikapu ya kahawa mara mbili kwa wiki.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka jogoo. Gari la kwanza likapita vizuri. La nne likaanza kuzungusha matairi bila kwenda. La saba likazama mpaka kwenye difu, wakalitoa kwa winchi, na waya wa winchi wakauzungusha kwenye mparachichi wa mama mmoja jirani yangu, chuma juu ya gome, bila hata gunia katikati. Gari lilitoka, watu wakapiga makofi. Walipoondoka waliacha mifereji miwili, kina chake kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Maji ya mlimani ukiyaonyesha njia hayaulizi mara ya pili. Kufikia Krismasi mifereji miwili ilikuwa korongo moja, na punda wa mtu akavunjika mguu humo. Tuliliziba kwa Jumamosi tatu, mawe ya kubeba kichwani. Ule mparachichi ulikatwa gome pande zote, na mti ukizungushwa hivyo chakula hakishuki mizizini; mwezi wa nne ulikuwa umekauka umesimama.

Mama huyo ananiuliza mpaka leo: mti wangu nimdai nani? Nilikuwa nimeandika namba za magari mawili kwenye pakiti ya sigara, lakini namba ya gari si namba ya simu. Niliuliza huku na huko. Kila niliyemfikia alisema yeye alialikwa na mwenzake, na mwenzake alialikwa na mwingine. Hapakuwa na mkubwa wao. Kila mmoja alikuja na gari lake akaondoka na gari lake. Walikutana tu.

Kwa hiyo, Mhariri, barua hii nimeituma kwako badala ya kwa mpwa wangu peke yake kwa sababu wale wa mwaka jana sina pa kuwapatia. Huenda mmoja wao anasoma gazeti hili akiwa kwa kinyozi.

Kuna kichekesho hapa ambacho wenye umri wangu watakielewa. Kabla ya lami ya kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam, sisi tulikuwa tunaishi ndani ya tope ambalo vijana hawa wanalitafuta kwa gharama. Msimu wa mvua nililala njiani kati ya Kapchorwa na Bukwo usiku mbili, tatu, nikila posho, yaani ugali, baridi na maharage, lori limelala upande kama ng'ombe mgonjwa. Mtu wa Bukwo aliyetaka kwenda Mbale, mji wa nchi yake mwenyewe, wakati mwingine aliona heri azunguke kupitia Kenya. Tulilalamikia ile barabara mpaka tukazoea kulalamika. Sasa lami ipo, laini, mtu anatoka Kapchorwa asubuhi na kunywa chai Suam, halafu watoto wetu wanatoka Kampala kuja kuuliza: mjomba, tope liko wapi?

Nawaelewa lakini. Kuna raha kwenye gari linalopanda mahali ambapo miguu yako yenyewe ingesita, injini inaunguruma polepole, wewe unasikiliza tairi kwa makalio. Nisingependa raha hiyo ife. Ninachosema ni kwamba hata harusi ya watu ishirini ina mtu anayejua sufuria zimetoka wapi na zitarudi kwa nani.

Tarehe, kwa mfano. Wamechagua tarehe 27 Desemba kwa sababu ofisi zimefungwa. Mlima haujui ofisi. Udongo wetu ni wa volkano ya kale, mzito, wa kina kirefu, na ukishashiba maji hauyaachii kwa siku mbili tatu. Mvua ikikatika mapema Desemba utaona vumbi juu, ukachimba shubiri moja ukakuta sabuni. Na wote tunajua sabuni hiyo imefanya nini. Tarehe 1 Machi 2010 ilizika Nametsi kule Bududa. Oktoba 2018 ikashuka Bukalasi pamoja na mto na mawe. Tarehe 27 Novemba 2024 ikafunika vijiji vya Bulambuli, na barabara ya kuja kwetu kutoka Mbale inapita wilaya hiyo hiyo. Itazame kalenda: toka siku hiyo mpaka tarehe waliyoichagua vijana ni mwezi mmoja tu. Sisemi magari ndiyo yanayoangusha milima. Ni mvua nyingi, ni mteremko mkali, ni miti tuliyoikata sisi wenyewe. Lakini mteremko uliolewa maji haufai kupitishiwa magari ishirini ya tani mbili mbili yakifuatana, na usiku haufai kabisa kupigiwa hema chini yake.

Ningekuwa mimi ningengoja wiki ya mwisho ya Januari, au Februari. Likizo hakuna, najua. Ijumaa jioni mpaka Jumapili zinatosha. Na hata hapo, ikinyesha siku mbili kabla, mnaahirisha. Mkusanyiko usio na mwenyewe hauwezi kuahirishwa, kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kupiga simu kusema tusije. Kumi watasikia, kumi watakuwa wameshafika Sironko.

Njia nayo. Mpwa wangu alitaka nichore kwenye karatasi nipige picha nimtumie. Nilikataa, na nilimwudhi. Njia ya mlimani haichorwi na mtu aliyeketi. Hutembewa kwa miguu, wiki hiyo hiyo, kwa sababu kalavati iliyokuwepo Septemba huenda Januari imekwenda na maji. Wapo wanaodhani mlimani kila uwazi ni wa bure. Ukipanda kutoka kwetu, baada ya mashamba ya watu unafika mpaka wa hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi, upande wetu wa Uganda, mlima ni wa kupandwa kwa miguu: wenye kwenda kilele cha Wagagai, mita 4,321, huondoka Budadiri au Sipi na mzigo mgongoni, pamoja na mwongozaji. Gari kutoka nje ya barabara ndani ya hifadhi ni kosa, na askari wa wanyamapori hawatakuuliza kama mlikutana tu. Aliponisikia hivyo mpwa wangu akasema basi tutavuka Suam twende upande wa Kenya, kuna njia ya magari inayopanda kutoka lango la Chorlim. Ipo, kweli. Lakini nayo ni njia, na sharti lake ni kubaki juu yake. Tena mnalipa kiingilio, mnavuka mpaka na karatasi za gari. Ishirini mkiwa hamna kiongozi, pale forodhani tu mtamaliza siku.

Kinachobaki kwetu ni zile njia za vijiji na ile miteremko inayoshuka kuelekea tambarare za Ngenge. Hizo zina wenyewe. Kila kijiji kina mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mara nyingi utamkuta anakamua ng'ombe, si mtu wa kuogopwa. Mwende kwake kabla, mkae, mseme sisi ni fulani, gari ni kadhaa, tutapita siku fulani saa fulani. Atawaambia mambo ambayo ramani ya simu haiyajui: pale pana matanga wiki hiyo, hapa tumepanda shayiri mpaka ukingoni, hili daraja la magogo linabeba punda lakini halibebi Prado. Na atawaambia msipite alfajiri. Alfajiri barabara zetu ni za wakimbiaji. Huku ndiko alikozaliwa Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni London 2012, na Joshua Cheptegei aliyeshinda mita 10,000 Paris 2024, na nyuma yao kuna mamia ya watoto wanaokimbia kwa vikundi giza likiwa halijaisha, bila taa wala nguo za kung'aa. Msafara unaotimua vumbi kwenye mapafu yao si mgeni mzuri.

Kuhusu idadi, ishirini ni nyingi mno. Si suala la kuegesha. Kila gari linalopita kwenye udongo laini linamchimbia shimo anayelifuata, na wa mwisho anapanda njia ambayo wa kwanza hakuiona. Gawanyeni matano matano, kila kundi na njia yake au saa yake, na kila kundi liwe na gari zito mbele na gari lenye winchi nyuma. Mkifika penye utelezi punguzeni upepo wa matairi, kutoka psi 35 mpaka 20 hivi, tairi litandike mguu mpana lisichimbe. Pampu ya kuurudisha upepo muwe nayo, kwa sababu kurudi Mbale kwenye lami na tairi lililolegea, kwa mwendo wa Jumapili jioni mnaoujua, ni kutafuta ajali.

Jambo la kamba nitalisema kwa urefu, mtanivumilia.

Nikiwa dereva kijana, lori letu lilikwama mlimani, na lori lingine likaja kutuvuta kwa waya wa chuma uliokuwa umechakaa. Tajiri wetu, mtu mwenye haraka, akasema fungeni twende. Tukafunga. Dereva wa mbele akavuta kwa kishindo. Sikuuona waya ukikatika. Nilisikia kitu kama mjeledi, na mgomba uliokuwa pembeni yangu ukaanguka, umekatwa safi kama kwa panga. Kati yangu na ule mgomba palikuwa na hatua tatu. Utingo wetu, ambaye sekunde chache kabla alikuwa amesimama palepale penye mgomba akiniomba kiberiti, alikaa chini topeni na suruali yake, hakusema neno mpaka jioni.

Tangu siku hiyo kwangu hakuna gari linalovutwa watu wakiwa wamesimama karibu. Kila mtu hurudi nyuma kwa umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe, watoto kwanza, na watoto watakuja, kwa sababu gari lililokwama kijijini ni sinema. Juu ya waya hutandikwa blanketi zito au gunia la mchanga, ili ukikatika uanguke chini. Ile tufe ya chuma ya kuvutia tela haifungwi kamba ya kutolea gari topeni hata siku moja. Haikutengenezwa kwa mshtuko huo, na ikivunjika inaruka kama risasi kupitia kioo cha dereva wa nyuma. Na mti, kama hamna budi, huvishwa mkanda mpana. Mikanda hiyo mnayo, niliiona mwaka jana imening'inia nyuma ya gari moja, mipya, ikiwa bado na karatasi ya dukani.

Vijito vyetu vinadanganya. Juu mlimani huenda inanyesha na wewe chini una jua kali. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, na 60 yanabeba hata hayo makubwa mnayoyaringia. Anayetaka kuvuka avue viatu aingie kwanza mwenyewe na fimbo. Akiona kwa miguu hapawezekani, kwa gari je? Na injini ikizima ndani ya maji usiiwashe. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyapiga, konrodi inapinda, na mimi hapa gerejini sina dawa yake zaidi ya kukuitia lori la kukubeba.

Kushuka: gia namba moja, mguu mbali na breki. Magari mengi ninayoyatengeneza hayakuharibika yakipanda. Yalipanda vizuri, ijapokuwa kadiri unavyokwenda juu injini isiyo na turbo huchoka, karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Yaliharibika kwa kushuka kwa breki mpaka zikanuka. Chakula na mahema sitavizungumzia, vijana wa Kampala hawajawahi kusahau nyama.

Najua kuna atakayesema mzee huyu anataka kutuletea urasimu, sisi tunataka upepo. Awatazame majirani. Kule Kenya wana shindano linaloitwa Rhino Charge, tangu 1989. Magari hupita porini hasa, kwenye mawe na makorongo, na anayeshinda si mwenye kasi bali aliyefika vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Ni wazimu kuliko huu wa mpwa wangu. Lakini kila gari huchangisha fedha, na fedha hizo ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa kuizunguka milima ya Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika 2009. Sijasema mjenge uzio. Sisi shida yetu ni ndogo kuliko hiyo: ni kalavati mbili na lori la moramu, ule udongo wa changarawe, kwenye mteremko wa kijitoni.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ni kwa yeyote anayepanga kukutana Elgon, au Kadam, au Moroto, maana nasikia wengine wanatazama Karamoja. Mtu mmoja miongoni mwenu akubali kuwa mwenyewe. Si lazima aitwe mwenyekiti, kama neno hilo linawachosha. Aache jina lake na namba yake ya simu kwa LC1 wa kila kijiji mtakachopita, na baada ya magari kuondoka abaki siku moja, yeye na wawili watatu wenye koleo, watembee njia nzima kwa miguu na kuziba walichochimba wakati udongo bado haujakaza. Mchange kabla ya kuja, si baada. Baada hakuna anayechanga. Kila gari likitoa thamani ya lita kumi za dizeli, moramu imepatikana. Biskuti za watoto zipunguzeni.

Mimi kwa upande wangu nitatoa siku. Jumamosi ya tatu ya Januari gereji yangu itafungwa. Nitatoka saa moja asubuhi kuitembea njia kutoka juu mpaka kijitoni, na yule mama wa mparachichi amesema atakuwepo, ana maneno yake. Nimemwambia mpwa wangu aje siku hiyo na wenzake wawili, waje kwa basi, wabebe gambuti.

Bado hajajibu.

Dereva wa zamani wa lori,
Kapchorwa, Uganda